Miche Arobaini ya Serikali

Siku ya kuniaga mlinipa kalkuleta. Asanteni. Lakini mtu aliyekokotoa kodi ya mauzo kwa penseli tangu nywele zikiwa nyeusi, halafu siku anayotoka ndiyo mnampa mashine, mmemzawadia au mmemcheka? Ipo hapa mezani kwangu Kigera. Wajukuu wanaibonyeza wakidhani itatoa muziki.

Mkaniomba pia niandike machache niliyoyaona kazini. Vyeo na mishahara nitaviacha. Vyeo havikuwa vingi, na mshahara kila mtu anaujua kwa sababu sote tulikopa duka moja. Nitaandika juu ya kodi ya mauzo, maana juzi nilipita pale kaunta nikawasikia mkimweleza mama mmoja kodi kwa namna ile ile mbovu niliyokuwa naieleza mimi. Nusura nirudi ndani nivue koti nianze kazi upya.

Nilianza ofisi ya kodi ya Musoma nikiwa kijana kutoka Kiriba, nimemaliza shule, nimevaa viatu vya kuazima. Chumba chetu kilikuwa na meza mbili, moja ina mguu mfupi, na huo mguu mfupi ukawa wangu. Meza nyingine ilikuwa ya Mzee Maregesi, karani mkongwe ambaye hakupenda watu waliomaliza shule. Kabla sijaketi akaniuliza: "Sabuni inauzwa shilingi tano, kodi imo humo humo ndani. Kodi yenyewe ni robo ya bei ya kabla ya kodi. Serikali inapata ngapi?"

Nikajibu haraka, maana hesabu nilikuwa nazipenda: "Robo ya tano ni moja na senti ishirini na tano."

"Rudi Kiriba ukavue furu," akasema, akaendelea kuandika.

Nilipiga mistari ya daftari hadi saa ya chai, hasira zimenijaa. Chai ilikuja na muhogo wa kuchemsha. Mzee Maregesi akakata vipande vinne akaviweka mbele yangu. "Hii ni mali ya mwenye kiwanda. Robo ya vinne ni ngapi?" Kimoja. Akaongeza kipande cha tano. "Hiki cha serikali. Sasa mnunuzi analipa vipande vingapi?" Vitano. "Katika hivyo vitano, serikali ikichukua robo, itamega kipande cha nani?" Hapo nikaelewa. Ukipandisha robo juu ya bei, ukija kuishusha kutoka kwenye bei kamili unatafuta moja ya tano, si robo. Kwa bei ya shilingi tano serikali ina shilingi moja tu, zile senti ishirini na tano zangu zilikuwa wizi. Mzee akala kipande cha serikali, akasema viwango viko vingi na vinabadilika kila bajeti, lakini yeye hufundishia robo kwa sababu muhogo haukatiki kwa asilimia.

Somo hilo nililipenda mno, na ndilo lililoniponza.

Kazi ya nje ilikuwa mateso. Kwanza usafiri: ofisi ilikuwa na Landrova moja, nayo ilikuwa inakaa gereji kuliko barabarani. Pili fomu, zilizokuja zimeandikwa na mtu ambaye hajawahi kumwona mlipa kodi hata kwa mbali. Tatu watu wenyewe. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa kila kikundi kilitaka kuwa na mradi, na kila mradi ukianza kutengeneza kitu na kukiuza ilibidi mmoja wetu aende kueleza kodi. Ukieleza kitaalamu wanalala. Ukieleza kwa mifano wanakupigia makofi, na hapo ndipo pa kuogopa, maana watu wa kwetu wakikupigia makofi watafanya kweli ulichosema.

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Guta, upande wa Bunda, kwenye kikundi cha kina mama waliokuwa wanapika sabuni kwa mafuta ya mbegu za pamba. Walikuwa na mapipa mawili, sanduku la mbao la kumwagia, na waya wa kukatia miche. Mweka hazina wao alikuwa Mama Wegesa, mwanamke mrefu, mkavu, mikono imechubuka kwa kostiki, ile dawa kali ya kupikia sabuni. Mche waliuuza shilingi tano, kodi imo ndani, na kwa bahati mbaya sabuni nayo mwaka ule ilikuwa kwenye kile kiwango cha robo. Nikaona Mungu amenipa mfano wa Mzee Maregesi ukiwa tayari umekatwa.

Nikasimama nikapanga miche mitano juu ya benchi. "Akina mama, hii minne ni yenu. Huu wa tano ni wa serikali. Katika kila miche mitano, mmoja ni wa serikali. Mmenielewa?"

"Tumeelewa!" Makofi.

"Usije ukala wa serikali, Mama Wegesa," nikatania.

"Mimi? Cha mtu sikulagi, mwanangu. Sasa utakujaga lini kuchukua?"

Dereva alikuwa ameshawasha gari, na Landrova ile ikiwaka hukuthubutu kuizima. Nikapanda huku nikijibu kupitia dirishani, nitapita mwisho wa mwezi. Njiani nilijisifu kwa dereva kwamba kazi yangu ingekuwa rahisi kama watu wote wangekuwa waelewa kama wale mama.

Mwisho wa mwezi Landrova ilikuwa gereji. Ilipotoka nikatumwa upande wa Butiama, ambako mwenye duka mmoja alikuwa anatoza kodi ya mauzo juu ya kila kitu alichonacho, pamoja na mayai ya kuku wake. Nilimwambia kodi hii analipa anayetengeneza, na bidhaa ikifika dukani imeshalipiwa, imo ndani ya bei, wewe huongezi hata senti. Akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mgonjwa. "Ndugu afisa, inaitwa kodi ya nini?"

"Ya mauzo."

"Na mimi hapa nafanyaga nini?"

"Unauza."

"Basi."

Nilibishana na mtu yule siku tatu. Siku tatu! Siku ya nne akakubali kuacha kutoza mayai, ila chumvi akaikatalia, wakati chumvi yenyewe haikuwa na kodi hata kiwandani. Niliporudi Musoma nilikuwa nimekonda, mvua zikaanza, barabara zikakatika, Guta ikawa imeniponyoka kichwani kabisa. Miezi minne ikapita.

Aliyeikumbuka alikuwa Mfawidhi, mkuu wetu wa ofisi, mtu aliyependa mafaili yenye vumbi kwa sababu yalimpa sababu ya kugomba. Akaniita. Kikundi cha sabuni cha Guta kimetengeneza, kimeuza, hakijaleta hata senti moja. Kwenye karatasi kutoka kijijini ilionekana wameuza miche mia moja na sitini, shilingi mia nane. "Robo yake ni mia mbili," akasema. "Pamoja na faini ya kuchelewa. Na mapipa tunayachukua. Na huyo mweka hazina anakuja kujibu mahakamani hapa Musoma, wajue kodi si mchezo."

"Mzee, si robo, ni moja ya tano. Ni mia moja na sitini."

"Kodi ya sabuni ni ngapi?"

"Robo, lakini ya bei ya kabla ya—"

"Robo ya mia nane ni ngapi?"

Nilimweleza vipande vya muhogo. Nilimweleza ofisini, nikamweleza garini kutoka Musoma hadi tunakaribia Bunda, hadi dereva naye akawa ameelewa. Mfawidhi hakuelewa. Alikuwa na shahada, muhogo haukumwingia. Nyuma alikaa mgambo mmoja tuliyempakia kwa ajili ya mapipa, na kila tulipopiga shimo alisema pole kwa gari.

Kina mama walitupokea kwa vigelegele, jambo lililomuudhi Mfawidhi. Nguo za watoto waliowabeba zilikuwa za rangi ya udongo. Sabuni ilikuwa imeadimika mkoa mzima wakati ule. Mafuta yao yalikuwa yamekatika, hawakuwa wamepika kwa miezi miwili, na niliwaona wasichana wawili wakisugua shuka kwa majani ya mpapai.

"Shikamoo mama," nikamwambia Mama Wegesa.

"Marahaba mwanangu. Umechelewa!"

Mfawidhi akaingilia kati. "Nyinyi ndio mmechelewa! Kodi ya serikali iko wapi?"

"Iko," akasema Mama Wegesa, akatoa ufunguo uliofungwa kwenye pindo la khanga. Akatuongoza kwenye ghala dogo la kijiji, akafungua. Ndani, juu ya magunia yaliyokunjwa, ilikuwa imepangwa miche ya sabuni kama matofali, imefunikwa kwa majani makavu ya ndizi. Ukutani mtu alikuwa amechora mistari ya mkaa, mitano mitano. "Arobaini. Hesabuni wenyewe. Kila tukikataga mitano, wa serikali tunauleta huku. Hatujagusa hata mmoja."

Mfawidhi akaanza kuhesabu kwa kidole. Mgambo akasema, "Mama, mlikuwa na sabuni hizi zote na mnafulia majani?"

"Hii si yetu. Ni ya serikali."

Niseme wazi nilivyojisikia: nilitamani ardhi ipasuke. Maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno. Katika kila miche mitano, mmoja ni wa serikali. Sikusema shilingi. Mahali popote katika mahubiri yale yote sikutaja neno shilingi.

Mfawidhi akaacha kuhesabu, akafoka. "Kodi inalipwa kwa pesa! Nani aliwaambia mlete sabuni? Mnadhani wizara inafua?"

"Kanisani tukiambiwa moja ya kumi," akajibu mzee mmoja wa kike aliyekaa mlangoni, "tunapelekaga mahindi, tunapelekaga pamba, hata kuku. Mchungaji hajawahi kukataa. Serikali ndio inakataa?"

Sasa fikirini. Watu wale tangu wapate akili wanatoa zaka kwa kile walichovuna. Mkulima wa pamba akiambiwa sehemu ni ya Mungu, anaitenga kando, haigusi, anangoja siku yake. Mimi nikaja na benchi langu na miche yangu mitano, nikautenga mmoja kwa mkono wangu mbele ya macho yao. Walitakiwa waelewe nini tena? Waelewe fomu?

Mfawidhi aliamuru sabuni iuzwe pale pale, kodi ipatikane. Habari ilienda haraka kuliko mbio za ng'ombe aliyeng'atwa na nyuki, maana ilikuwa sabuni. Foleni ikajipanga. Shilingi tano, mche mmoja kwa kila nyumba. Wapo waliouza kuku hapo hapo kwa jirani ili wapate shilingi tano. Wenye kikundi walisimama kwenye foleni pamoja na wengine, wakanunua sabuni waliyoipika wenyewe. Mama Wegesa alikuwa wa mwisho. Akafungua pindo jingine la khanga, akahesabu sarafu hadi tano.

"Huu nikiununua, kodi imo?"

"Imo, mama."

"Si ndiyo hii hii kodi nilitunza?"

Nilitaka kumweleza. Kwa kweli nilifungua mdomo. Ukiuza miche ya kodi, nayo ni mauzo, nayo ina kodi yake. Nikaufunga. Nyumbani kwangu mke wangu alikuwa anafulia majivu na alikuwa ameniagiza sabuni kwa kiapo, lakini sikununua.

Arobaini mara tano, mia mbili. Mfawidhi akazihesabu mara mbili, akanigeukia mbele ya watu wote. "Nilisema ngapi?"

Hapa ndipo nilipotaka kuacha kazi. Kwa sababu mia mbili ilikuwa sawa! Siyo kwa hesabu yake. Yeye alichukua robo ya mia nane, na hiyo ni makosa leo, kesho na siku ya kiama. Lakini miche mia moja na sitini ukiongeza arobaini ni mia mbili, mara tano ni shilingi elfu moja, na moja ya tano ya elfu moja ni mia mbili. Mtu kakosea njia nzima akafika mlangoni. Na wale mama, bila penseli, walikuwa wametenga kodi sahihi hadi senti ya mwisho. Mche wa tano ukiuzwa unalipia kodi yake na ya wenzake wanne. Mzee Maregesi nilipomsimulia aliweka kalamu chini, kitu ambacho sikuwahi kukiona, akauliza hao mama wanaweza kuja kufanya kazi kwetu?

Ilibaki faini, mapipa, na mahakama. Hayo yote yalitegemea mstari mmoja kwenye fomu: sababu ya kuchelewa. Ukiandika kosa la mlipaji, kesi inaendelea. Ukiandika kosa la ofisi, inakufa. Mfawidhi aliniamuru niandike uzembe wa mweka hazina. Mgambo alikuwa ameshaanza kuviringisha pipa la kwanza kuelekea garini. Mama Wegesa alikuwa amekaa juu ya la pili. Hakulia wala hakubembeleza, aliniangalia tu nikiandika.

"Na watoto wetu walivaa chafu miezi miwili," akasema, "hiyo nayo inaandikwagwa wapi?"

Fomu haikuwa na mahali pake. Niliinama, nikaandika: Kosa la ofisi. Afisa aliyetumwa hakueleza kodi vizuri. Nikatia sahihi yangu chini. Mfawidhi aliisoma, akainyanyua kama anataka kuichana, akakumbuka fomu zina namba, ikikosekana moja itaulizwa. Pipa likarudishwa. Tulirudi Musoma, mgambo akiipa gari pole kwa kila shimo.

Nikapewa barua ya onyo. Imekaa kwenye faili langu hadi nimestaafu, na siku ya mwisho mlinipa faili niliangalie, nikaiona tena: "alishindwa kueleza kodi kwa lugha inayoeleweka na wananchi." Sikuwahi kuipinga. Kwa miaka yote hiyo nilipokwenda kijiji chochote nilisema shilingi. Nilisema shilingi hadi watu wakanipa jina, Bwana Shilingi, na wengine walidhani naomba. Na nitakiri kuwa barua ile nilikuwa naionea fahari kidogo. Nilijiona mtu aliyebeba kosa lake mwenyewe ili mama wa watu asifungwe. Mtu akikaa na jambo peke yake muda mrefu hulipaka mafuta.

Basi mwezi uliopita, sina kazi, kalkuleta inanitazama, nikapanda basi hadi Bunda, kisha baiskeli ya kukodi hadi Guta. Nilitaka Mama Wegesa ajue nilichoandika siku ile, maana hakuwahi kuambiwa. Kazeeka, macho yana ukungu, lakini mikono ni ile ile. Bado anapika sabuni, sasa na wakwe zake. Nikajitambulisha. Nikamsimulia yote: benchi, miche mitano, neno shilingi ambalo sikulisema, fomu, barua ya onyo. Nikamwambia, mama, kosa lilikuwa langu, sikueleza vizuri.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akashangaa.

"Mbona ulieleza vizuri tu? Ulisema mmoja wa serikali, tukauweka. Kama ungekuja mwisho wa mwezi ungeikuta miche ishirini tu, ungetuambia ni pesa, tungeuza, ingekuwa imeisha. Ulisema utakuja mwisho wa mwezi, mwanangu. Mimi kila mwisho wa mwezi nilikuwaga nafagia lile ghala."

Miaka yote ile nilikuwa nimekiri kosa ambalo si lenyewe. Nikaomba aniuzie mche mmoja. Akanitajia bei, nikalipa, na sikuigawa kutafuta ya serikali. Nilipoondoka akauliza kama nitarudi, nikamwambia sijui.